Miche ya Vuli: Kutoka Bangale Hadi Vitalu vya Mtoni

Watu wa nchi za baridi wana mwezi mmoja au miwili katika mwaka, theluji ikisha kuyeyuka na ardhi kulainika, ambapo mtu na mkewe hufunga mlango wa nyumba yao wakaenda kutwa nzima kuwazuru wauza miche, wakitazama, wakinusa, wakibishana, na mwisho wakarejea na mimea mingi kuliko nafasi waliyo nayo. Sisi tuishio Bangale hatuna theluji ya kungojea iyeyuke, lakini tuna majira yetu ambayo, kwa kadiri ya shauku inayoyatangulia, hayapungui hayo kwa lolote. Nayo ni vuli. Pwani ya Kenya mwaka huhesabiwa kwa masika, na vuli huhesabiwa kuwa mvua ndogo ya kutia baraka. Huku bara ya Tana mambo ni kinyume, kwani masika aghalabu huahidi yasitimize, na mvua ya kuanzia mwisho wa Oktoba hata Desemba, ambayo majirani zetu Wasomali huiita Deyr, ndiyo ambayo mfugaji huitegemea katika tadbiri zake za mwaka mzima.

Mvua za kwanza zikisha kunyesha, nyika iliyokuwa na rangi ya majivu hugeuka ghafula. Migunga huvaa majani na maua yanukiayo asali, lagha ambazo jana zilikuwa njia za mchanga hupita maji mekundu, vipepeo weupe huvuka barabara makundi kwa makundi, na maziwa, ambayo kwa miezi yalikuwa ya kupimiwa watoto, hurudi kumiminwa katika chai bila hesabu. Ilikuwa katika siku za namna hiyo, asubuhi ya Jumamosi yenye mawingu, mimi na mwenzangu Mama Hawa tulipoazimia kushuka mtoni kutazama miche, katika pikapu ya jirani ambaye naye alikuwa na haja zake Madogo.

Msomaji asiyeijua nchi hii huenda akastaajabu kwamba mtu wa Kaunti ya Tana River asafiri kutafuta mahali penye maji ya kuoteshea miti, ilhali kaunti yenyewe imepewa jina la mto mrefu kupita yote katika Kenya. Lakini Bangale haiko mtoni. Ni mji wa njiani, katika barabara kuu itokayo Thika kwa njia ya Mwingi na Ukasi hata Garissa, mahali ambapo malori hupumzika, mbuzi hulala chini ya malori, na maji huletwa kwa mikokoteni ya punda yakauzwa kwa mtungi. Mto Tana, uteremkao kutoka Nyandarua na Mlima Kenya, hupita mbali upande wa mashariki, na sisi huusikia zaidi ya tunavyouona. Mtu wa Garsen au wa Ngao, ambaye mwembe wa babu yake unanyweshwa na mto usiku na mchana bila ya yeye kunyanyua ndoo, na mtu wa Bangale, ni raia wa kaunti moja kwa mujibu wa karatasi. Katika mambo ya miti ni watu wa dunia mbili.

Tofauti hiyo imo pia nyumbani mwangu. Mimi asili yangu ni Kipini, mahali ambapo Tana humwaga maji yake baharini, na nimekulia chini ya miembe na minazi, nikidhani utotoni mwangu kwamba mti ni kitu kinachoota chenyewe kama nywele. Mama Hawa ni Muorma, binti wa watu wa ng'ombe, na kwake mti ni kivuli, ni ufito, ni lishe ya mbuzi wakati majani yamekwisha, na juu ya yote ni dhamana ambayo mtu hajitwiki asipojua ataibebaje. Ndoa yetu imesalimika miaka mingi kwa sababu tulikubaliana mapema juu ya mambo makubwa. Juu ya miche hatujakubaliana hata leo.

Barabara ya kwenda Madogo ni ya lami, na nyika ya pande zote mbili, ukiitazama kwa jicho la mtu anayetafuta mti wa kupanda, ni darasa kamili. Kuna migunga ya namna namna, kuna miti ya mswaki iliyojikunja karibu na ardhi, kuna mibuyu hapa na pale kwa nyuma, na kila tukaribiapo mto kunazidi mti mmoja ambao hakuna aliyeupanda kando ya njia ile wala hakuna anayeuza mche wake, nao umestawi kuliko yote. Huo ni mathenge, na habari yake nitaieleza mahali pake.

Madogo na soko lake la Mororo ziko ukingoni mwa magharibi, mkabala wa mji wa Garissa, na daraja baina yao. Ni nchi ya Wamunyoyaya na Wamalakote, watu wa mto tangu kale, ambao leo wamechanganyika na Waorma, Wasomali, Wakamba na kila aliyeletwa na biashara. Mtu akiona mashamba yao ya migomba na mipapai, na mashine za kupiga maji zikinguruma ukingoni, hudhani kwamba hapa hakuna tena la kuombwa. Walakini mto huu hutoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Mwezi wa Novemba 2023, baada ya ukame wa misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana tangu mwisho wa mwaka 2020, maji yalikuja kwa wingi hata yakaikata barabara na watu wakavushwa kwa mashua. Na Aprili 2024 yakarudi tena, na mashua ikazama pale Kona Punda na roho za watu zikapotea. Kitalu tulichokizuru kwanza kilikuwa kimehamishwa juu kidogo kwa sababu ya mafuriko hayo, na mwenyewe alituonyesha shina la mkoma lenye alama ya tope kupita kimo cha mtu.

Kitalu chenyewe hakina madoido. Ni kiwanja kilichozungushwa ua wa miiba, sehemu yake imetandazwa wavu mweusi wa kivuli na sehemu nyingine imeezekwa makuti ya mkoma, na chini yake vifuko vyeusi vya nailoni vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja kina udongo wa mtoni uliochanganywa na samadi na mchanga. Harufu yake ni harufu ya ardhi iliyolowa, ambayo kwa mtu aliyetoka Bangale ni furaha ya peke yake hata kama hanunui kitu. Tulikuta miembe, mipera, midimu, mikomamanga, mipapai, mistafeli, mikwaju, mikunazi, miarobaini na milonge, na kipembeni, kwa ajili ya wenye nyumba za mjini, asumini na mawaridi. Kulikuwa pia na mizambarau, nami sikuweza kuupita mche huo bila ya kumkumbuka Ibn Battuta, ambaye alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wake wana ndizi na ndimu na tunda tamu mfano wa zaituni, ambalo kwa sifa zake na kwa jina alilolitaja ni hilohilo zambarau. Naye kabla ya hapo, huko Mogadishu, alikuwa amekwisha kulishwa achari ya maembe mabichi. Basi mtu asiseme kwamba kupenda matunda ya bustani ni anasa mpya iliyoletwa na wazungu.

Katika miembe ndipo tulipokaa sana. Embe za kisasa zipendwazo sokoni, yaani Apple, Kent, Tommy Atkins, na pamoja nazo ngowe yetu ya pwani, hupatikana kwa kubebeshwa. Na mzee mwenye kitalu, ambaye mikono yake ilikuwa na mikato midogo isiyohesabika, alikubali kutuonyesha kazi hiyo mwanzo hata mwisho. Huoteshwa kwanza kokwa ya embe la kienyeji, lile lenye nyuzi za kuingia katika meno, kwa kuwa mizizi yake ina stahamala. Shina lake likifika unene wa penseli hukatwa kichwa na kupasuliwa katikati. Kisha huchukuliwa kikonyo kutoka mwembe mzazi uliokwisha kuzaa na kujulikana, cha unene uleule, kikachongwa pande mbili mfano wa kabari, kikatiwa katika ule mpasuko hata ganda likutane na ganda, na pahali pale pakafungwa kwa utepe wa nailoni na kufunikwa kifuko ili unyevu usitoroke. Baada ya wiki tatu au nne macho ya kikonyo hufumbuka. Mwembe wa namna hiyo huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, ambapo ule uliotokana na kokwa tu humngojesha mwenyewe miaka sita, minane au zaidi, na mwisho humpa tunda ambalo pengine silo alilolitazamia.

Mzee alitupa na alama za kuujua mche mwema, nami nazinakili kwa faida ya wengi. Kovu la kubebeshea lionekane dhahiri juu ya udongo, kwani wako wauzao mche wa kokwa kwa bei ya mche uliobebeshwa, wakauzika shina ili usione. Mche mfupi mnene ni bora kuliko mrefu mwembamba uliokimbilia mwanga. Na kifuko kikiwa kimetobolewa chini na mzizi ulionenepa, ujue mche ule umekaa kitaluni kupita muda wake na mzizi wake mkuu umekwisha kujipinda; utaota, lakini hautasimama vizuri wakati wa kiu. Fauka ya hayo, sheria inawataka wenye vitalu vya matunda waandikishwe, na shirika la KEPHIS lina kazi ya kukagua afya ya mimea. Mnunuzi ana haki ya kuuliza, na aulize kwa adabu.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua miembe yangu moyoni. Mama Hawa alikuwa bado anazunguka.

"Baba," alimwambia yule mzee, "mti huu unakunywa kiasi gani?"

"Mwembe huu, mama, si ngamia wa kukaa wiki mbili bila maji."

"Basi nitajie mitungi."

Mzee alifikiri, akasema kwamba kwake yeye haijui mitungi kwa kuwa ana mashine, lakini kwa nchi ya juu kama Bangale mche wa mwaka wa kwanza na wa pili ungetaka mtungi wa lita 20 mara mbili kwa juma wakati wa kiangazi, na matandazo ya majani makavu chini yake ili jua lisiyaibe maji. Mama Hawa akaanza kuhesabu kwa vidole, kwanza kiangazi cha Januari hata Machi, kisha kile kirefu cha Juni hata Oktoba, akazidisha kwa miche niliyoitamani, na akazidisha tena kwa bei ya mtungi wa mwenye mkokoteni. Jumla aliyoitoa ilikuwa kubwa kuliko bei ya miche yenyewe mara nyingi sana. Hakusema neno lingine, wala hakukuwa na haja. Hapo ndipo lilipo jambo ambalo, kwa maoni yangu, watu wa nchi kavu tungepaswa kulifanya kanuni: mche kwetu haununuliwi kwa sura yake wala kwa tunda lake, hununuliwa kwa maji yake, na bei iliyotajwa kitaluni ni kifungua mlango tu.

Yupo atakayejibu kwamba tiba ya shida hiyo ni kutafuta mti usiotaka maji wala ulinzi. Jibu hilo limekwisha kujaribiwa katika kaunti hii hii, na matokeo yake ndiyo ule mti wa njiani niliouahidi. Mathenge asili yake ni Amerika. Mbegu zake ziliingia Kenya mwaka 1973 kwa ajili ya kuotesha miti katika machimbo ya mawe karibu na Mombasa. Na miaka ya mwanzo ya 1980, walipokuwa wakiletwa wakulima katika mradi wa umwagiliaji wa Bura na kuni zikihofiwa kwisha, ukapandwa huko kwa nia njema kabisa, kama ulivyopandwa Baringo. Sifa zote zilizoandikwa juu yake zilikuwa za kweli: hauogopi ukame, hauogopi chumvi, mbuzi hawali majani yake. Lakini mbuzi hula maganda yake matamu, na mbegu hupita matumboni mwao salama zikatua pamoja na samadi kila waendapo, na mti ukafuata mifugo katika malisho, mitaro na kingo za mto, ukafunga njia za kwendea maji na kutoboa miguu ya wanyama kwa miiba yake. Mwaka 2006 watu wa Ng'ambo huko Baringo waliishitaki serikali, wakampeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyeng'oka meno kwa utamu wa maganda hayo, ili waheshimiwa wajionee. Na mwaka 2008 serikali iliutangaza rasmi kuwa magugu mabaya. Leo watu huuchoma makaa, na si haba, lakini hakuna mkaa uliomaliza mathenge. Mti ambao hauna haja na mtu humaliza kwa kumfukuza mtu.

Baina ya mwembe unaodai kila kitu na mathenge usiodai chochote ipo miti ya wastani, na humo Mama Hawa alifanya manunuzi yake. Alichukua mikunazi, ambayo huvumilia kiu, watoto hula tunda lake, na majani yake, kama ijulikanavyo kwa Waislamu wa nchi hizi, hutumika katika kuosha maiti, hata nyumba iliyo nayo haiendi kuomba kwa jirani siku ya msiba. Alichukua mwarobaini mmoja wa kivuli cha barazani, mgeni kutoka Bara Hindi ambaye siku hizi hakuna mtaa wa Garissa wala wa Lamu usiomjua. Alichukua miche ya mhina ya kufanya ua, na hapa faida alizozitaja mbele yangu zilikuwa za ulinzi na vumbi, ijapokuwa mikono ya wanawake wa nyumbani kwangu siku za Idi itatoa ushahidi mwingine. Mzee alitaka kumpa na mkau, mti wa mbao nzuri wa nchi za Kitui na Mbeere ambao Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, imeushughulikia sana kwa msaada wa Japani. Mbegu yake ni ngumu ajabu: yataka kokwa ivunjwe, mbegu ichanjwe kwa wembe, ilowekwe, ndipo ioteshwe mchangani chini ya nailoni, na kabla ya maarifa hayo watu walikuwa wakiziokota zile zilizopita kwa mbuzi, katika mazizi. Mama Hawa alifurahi sana kusikia kwamba mbuzi amewahi kuwa mwalimu wa wataalamu, lakini mti hakuuchukua, akisema umezoea miinuko ya juu kuliko yetu.

Kitu kilichomchekesha zaidi kilikuwa katika kitalu cha pili, chungu cha saruji chenye waridi la jangwani, lile lenye shina nene na maua mekundu, likiuzwa kwa bei ya mbuzi mdogo. Huota lenyewe baina ya mawe katika nyika yetu, na utomvu wake wawindaji wa zamani waliutia katika mishale. "Baba Hawa," aliniambia, "kumbe tumekuwa tukilala juu ya mali." Nami nasema si jambo la kucheka tu, kwa kuwa watu wanaoyachimbua nyikani ili kuwapelekea wenye bustani za mijini wasipofundishwa kuotesha mbegu zake, tutakuja kuyanunua sisi wenyewe.

Niliruhusiwa miembe miwili, mmoja Apple na mmoja ngowe, kwa sharti kwamba maji ya kuoshea vyombo yawe ya miembe hiyo, na kwamba niijengee boma la miiba kabla sijachimba shimo. Nilipolalamika kuwa mbuzi wa jirani huruka boma lolote, alinikumbusha kwamba Mtume amewaahidi thawabu wenye kupanda, akila katika mti wao mtu, au ndege, au mnyama. Basi nikishindwa kupata embe nitapata sadaka. Sijui kama wanavyuoni wangekubali hoja hiyo itumiwe hivyo.

Tulivuka daraja tukaenda Garissa kwa swala ya adhuhuri na chakula, baada ya kushuka na kuonyesha vitambulisho kama ada. Jioni, njia ya kurudi, tulipita mahali palipopandwa miche siku ya taifa ya kupanda miti. Itakumbukwa kwamba serikali imeazimia miti bilioni 15 hata mwaka 2032, na kwamba tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa sikukuu kwa ajili hiyo, watu wote washike majembe. Sina ubishi na azma hiyo. Ubishi wangu ni juu ya hesabu, ambayo hufanywa siku ya kupanda, mbele ya kamera, mvua ikinyesha, wakati ambapo hata kijiti kikavu kikichomekwa ardhini huonekana kina matumaini. Marehemu Profesa Wangari Maathai, alipoanzisha harakati ya Green Belt mwaka 1977 kwa vitalu vidogo vya wanawake wa vijijini, aliwalipa akina mama hao ujira mdogo kwa kila mche ulionusurika, wala si kwa kila mche uliotiwa shimoni. Katika kanuni hiyo moja mna maarifa mengi zaidi ya nchi kavu kuliko katika hotuba nyingi nilizozisikia.

Kwa hiyo tunaiomba serikali ya kaunti iliyoko Hola, pamoja na wenzao wa misitu, mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. La kwanza, viwekwe vitalu vya umma katika miji ya juu kama Bangale, kando ya visima na mabwawa, ili miche ioteshwe katika jua na upepo itakamokaa, badala ya kulelewa kivulini kwa maji ya mto na kuhamishwa ghafula. La pili, hesabu ya miti iliyopandwa vuli hii itangazwe Oktoba ya mwaka unaofuata, kiangazi kikisha kupita, shule kwa shule na kata kwa kata, na fedha zifuate hesabu hiyo.

Na kwa msomaji anayetaka kwenda mwenyewe: aende mvua zikisha kunyesha mara mbili au tatu, wala asingoje Desemba, maana mche hutaka wiki kadhaa za ardhi mbichi kabla ya kiangazi; achimbe mashimo yake kabla ya kuondoka nyumbani, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana; na achukue turubai la kufunikia miche garini, kwani upepo wa njiani huua mingi kuliko jua.